Namna ya kuijua historia ya pale unapoishi: sikiliza wanaokumbuka, kisha nenda ukayaone majengo

Wengi wetu tukitaka kujua historia tunakimbilia kitabu, na si vibaya, ila historia ya mtaa mmoja au mji mdogo mara nyingi haijaandikwa popote, iko kwenye vichwa vya watu na kwenye kuta. Sasa ukisikiliza mazungumzo tu bila kwenda kuliona jengo utabeba hadithi tamu ambazo nyingine hazikuwahi kutokea, na ukitembelea jengo tu bila kuwasikiliza waliolitumia utatoka na mwaka wa ujenzi na jina la tajiri aliyelijenga, basi. Mi nasisitiza hivi viwili viende pamoja na kwa mzunguko: sikiliza, nenda kaone, afu rudi ukaulize tena. Hiyo safari ya pili ya kuuliza ndo watu wengi hawaifanyi na ndo yenye faida kuliko zote.

Pa kuanzia

Mazungumzo ya historia yapo mengi kuliko watu wanavyodhani, tatizo hayatangazwi kwa kelele. Pita maktaba ya umma uangalie ubao wa matangazo, uliza makumbusho ya karibu, idara ya historia ya chuo, nyumba za ibada za zamani (hizi huwa na sherehe za kutimiza miaka kadhaa na hapo wazee hupewa nafasi ya kusimulia), na usisahau vyama vya wastaafu, maana mtu aliyefanya kazi reli, bandarini au posta miaka thelathini anajua mambo ya jengo lake ambayo hakuna mwanahistoria anayajua. Ukimpata mmoja mwombe akuunganishe na grupu lao la WhatsApp, huko ndo taarifa zinapita.

Kwa upande wa majengo kuna siku za mwaka ambazo milango iliyofungwa hufunguliwa, kwahiyo ziweke kwenye kalenda ya simu mapema. Tarehe 18 Aprili ni siku ya kimataifa ya majengo na maeneo ya kihistoria, na 18 Mei ni siku ya kimataifa ya makumbusho ambayo ipo tangu 1977. Ulaya wana siku zao za urithi kila Septemba, wazo lilianzia Ufaransa 1984, na siku hizo unaweza kuingia bure kwenye ofisi za serikali na majumba ambayo siku nyingine huruhusiwi hata kusimama getini. London wana Open House, siku za kufungua majengo kwa umma, tangu 1992. Halafu kuna Jane's Walk, ilianzia Toronto 2007 kwa kumbukumbu ya Jane Jacobs aliyeandika sana kuhusu maisha ya mitaa, hii inafanyika mwanzoni mwa Mei kwenye miji mingi duniani na matembezi yanaongozwa na wakazi wenyewe bila malipo. Kama kwenu hakuna, sio lazima usubiri mtu, nitalisemea hilo mwishoni.

Kabla hujaenda

Usiende kichwa kichwa. Tafuta picha moja ya zamani ya eneo na ramani moja ya zamani, hata kama ni mbaya, uzihifadhi kwenye simu. Picha inasaidia sana kwa sababu ukimwonyesha mzee picha kumbukumbu zinafunguka zenyewe, unaacha kuuliza maswali na yeye anaanza kunyoosha kidole, hapa palikuwa na duka, huyu ni fulani, mti huu ulikatwa. Ramani nazo zina siri zake, mfano Marekani kuna ramani za bima ya moto za kampuni ya Sanborn iliyoanza 1867, zimechorwa nyumba kwa nyumba na zimepakwa rangi, pinki ni tofali, njano ni mbao, kwahiyo mtu anakaa mezani na kujua mtaa mzima ulijengwa kwa vifaa gani kabla hata hajatoka nje. Nchi nyingine zina ramani za upimaji ardhi au za halmashauri, ziulizie kwenye hifadhi ya nyaraka.

Beba daftari, kalamu, simu yenye chaji na tochi. Tochi nitaeleza kazi yake.

Ukiwa kwenye mazungumzo

Kaa mbele. Salamia wazee kabla ya kuanza na ujitambulishe wewe ni nani na mtoto wa nani au umetokea wapi, maana mtu hawezi kukufungulia mambo ya familia yake hajui anaongea na nani. Kama unataka kurekodi omba ruhusa kwanza, na ukikubaliwa weka simu kwenye hali ya ndege isije ikaita katikati, afu sema kwa sauti tarehe, mahali na jina la msemaji mwanzoni mwa rekodi. Inaonekana jambo dogo, ila baada ya miaka mitano rekodi isiyo na jina haimsaidii mtu.

Kitu kikubwa cha kusikiliza ni mtu amejuaje anachokisema. Kuna alichokiona mwenyewe, kuna alichoambiwa na baba yake, na kuna kile ambacho kila mtu anakisema. Vyote vina thamani lakini si sawa, kwahiyo kwenye daftari mi napendekeza uweke alama pembeni, A kwa aliona, S kwa alisimuliwa, W kwa watu wanasema. Kama haijulikani uliza kwa heshima, "mzee wangu, hili uliliona mwenyewe au ulisimuliwa?" na wengi hawakasiriki kabisa, tena wanafurahi kuona unafuatilia.

Miaka inasumbua. Ukimuuliza mtu "hiyo ilikuwa mwaka gani" atakupa mwaka wa kubahatisha ili asikuangushe, na wewe utauandika kama kweli. Uliza kwa kuzunguka: ulikuwa darasa la ngapi, ulikuwa umeshaoa, mtoto wako wa kwanza alikuwa amezaliwa, ilikuwa kabla au baada ya uhuru, nani alikuwa mkuu wa shule. Ukipata vitu viwili vitatu vya namna hiyo mwaka unaupata wewe mwenyewe, na unakuwa wa uhakika zaidi kuliko ule ambao angekutajia.

Na maswali yawe ya vitu vya kawaida. Ukiuliza "maisha yalikuwaje zamani" utajibiwa "yalikuwa mazuri, watu waliheshimiana" na hapo hujapata kitu. Uliza mlikuwa mnaingilia mlango upi. Nani alikuwa na funguo. Maji mlichota wapi. Usiku mlitumia taa gani. Chumba kipi watoto hawakuruhusiwa kuingia. Haya ndo majibu utakayoenda nayo kwenye jengo, maana mlango unaonekana, kisima kinaonekana, hata moshi wa taa huwa unaacha weusi darini. Mwombe pia akuchoree, mpe karatasi achore nyumba ilivyokuwa, hata kama mkono unatetemeka mchoro ule una thamani kubwa, uutunze na uandike nani kachora na lini.

Ila usisikilize wanaoshika maiki tu. Kwenye vikao vingi wanaosema ni wanaume wenye vyeo, na wale waliofagia hilo jengo, waliopika, waliobeba mizigo, wanakaa nyuma kimya. Kikao kikiisha wafuate hao. Mama aliyekuwa mfanyakazi wa ndani anaijua nyumba kuliko mwenye nyumba.

Sasa twende kwenye jengo

Mwongozaji akianza kuelezea utaona kila mtu anaangalia anachoonyeshwa, mlango mzuri wa nakshi, picha ya mwanzilishi. Angalia hivyo, lakini uwe na ya kwako. Kwanza angalia juu, kwa sababu chini majengo hubadilishwa kila mara, duka linatolewa linawekwa benki, kioo kipya, tiles mpya, lakini ghorofa ya juu mara nyingi wanaiacha ilivyo. Pili omba kuona nyuma. Uso wa jengo hupambwa upya kila akija mwenye pesa, nyuma hakuna anayehangaika napo, na huko ndo utakuta ukuta wa zamani, ngazi za watumishi, jiko la mwanzo, bomba za maji za kila kizazi. Ukiniuliza dakika tano za nyuma ya jengo zina faida kuliko nusu saa ya sebuleni.

Kujua umri wa vitu kuna dalili za wazi ambazo mtu yeyote anaweza kujifunza. Saruji ya kisasa ya aina ya Portland ilipatiwa hataza (haki ya mvumbuzi) 1824 na Joseph Aspdin huko Uingereza, kwahiyo ukuta ukiambiwa ni wa miaka ya 1600 na umejengwa kwa saruji jua hiyo ni sehemu iliyokarabatiwa, jengo la zama hizo lilishikwa kwa chokaa au udongo. Bati la migongo lilipewa hataza 1829, hivyo paa la bati kwenye nyumba ya zamani zaidi ya hapo ni paa la pili au la tatu, uliza la kwanza lilikuwa la nini. Kioo cha dirisha kikiwa kimenyooka kabisa bila mawimbi kuna uwezekano mkubwa kimetengenezwa kwa njia ya kuelea juu ya madini ya bati (tin, sio bati la paa) yaliyoyeyuka, ambayo kampuni ya Pilkington ya Uingereza iliitangaza 1959. Kioo cha zamani ukisogeza kichwa utaona vitu vya nje vinapindapinda. Na hapa kuna hadithi moja inayosimuliwa kwenye ziara nyingi, eti kioo kinatiririka taratibu kwenda chini ndo maana cha zamani ni kinene upande wa chini. Si kweli, kilitoka hivyohivyo kwa mtengenezaji kwa sababu njia za zamani hazikuweza kutoa unene sawa.

Ile tochi sasa. Iwashe uilaze karibu kabisa na ukuta ili mwanga upite kwa ubavu, sio kwa mbele. Utashangaa. Lipu ambayo ilionekana sawa itaanza kuonyesha mabonde, mistari, umbo la mlango uliozibwa, mahali palipokuwa na shelfu, maandishi yaliyochokonolewa na kupakwa rangi juu. Ukiona mstari ulionyooka kutoka chini kwenda juu simama hapo, maana mafundi wa mawe na tofali hufumanisha safu ili ukuta ushikane, na mstari wa wima unaokata safu zote unakuambia hapa pana ukuta mbili za nyakati mbili, moja imeegemezwa kwenye nyingine.

Nitoe mfano mmoja kwa undani kwa sababu unaonyesha jinsi hadithi na ukuta vinavyopimana. Uingereza kulikuwa na kodi ya madirisha kuanzia 1696 hadi 1851, na Ufaransa nao walikuwa na ya milango na madirisha kuanzia 1798 hadi 1926. Kwahiyo ukitembelea nyumba za zamani huko ukiona dirisha lililozibwa mwongozaji atakuambia walikwepa kodi. Mara nyingine ni kweli. Lakini wasanifu wa enzi zile walipenda uso wa nyumba ulingane kushoto na kulia, na pale ambapo kwa ndani pana ngazi au bomba la moshi walijenga dirisha la uongo tangu siku ya kwanza ili mpangilio usivunjike. Utajuaje? Sogea uangalie kingo. Kama tofali za katikati zimefumana na za ukutani, rangi moja, ukubwa mmoja, chokaa moja, basi lilijengwa hivyo tangu mwanzo na kodi haihusiki. Kama tofali ni tofauti na zimekaa tu ndani ya fremu, mshono unaonekana pande zote mbili, hilo lilikuwa dirisha la kweli likazibwa baadaye, na hapo swali la kodi linakuwa na maana. Hakuna anayehitaji digrii kufanya hivi, ni macho na subira.

Pwani ya Afrika Mashariki kuna jambo la namna hiyo pia. Nyumba za mawe za Lamu au Mji Mkongwe zina vyumba virefu vyembamba na mtu anaweza kusema ni mila tu, lakini angalia dari, limelazwa juu ya boriti za mikoko, na boriti haivuki zaidi ya mita mbili na nusu hadi tatu hivi. Upana wa chumba umeamuliwa na mti. Ukishaliona hilo kila chumba utakachoingia unaanza kuangalia juu kwanza.

Jengo lina maisha mengi, uliza yote

Kosa la ziara nyingi ni kuganda kwenye enzi moja, ile ya kifahari. Ngome Yesu ya Mombasa ni mfano mzuri, Wareno waliijenga kuanzia 1593 kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati, Waomani wakaichukua 1698 baada ya kuizingira tangu 1696, halafu kuanzia 1895 hadi 1958 Waingereza waliitumia kama gereza, ndo baadaye ikawa makumbusho, na UNESCO wakaiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia 2011. Watu wanauliza sana mizinga. Lakini gereza ni zaidi ya miaka sitini, na enzi hiyo ndo iliyo karibu na kumbukumbu za familia zilizopo. Kwahiyo kila jengo uliza orodha nzima: kabla ya hili palikuwa na nini, nani alikaa, nani alihamishwa, lilitumikaje wakati wa vita, lilifungwa lini na kwa nini.

Kuna sehemu ambapo hadithi ni nzito na inaumiza, na hapo uwe mwangalifu zaidi. Nyumba ya Watumwa kisiwani Gorée, Senegal, iliyojengwa karibu 1776, kwa miaka mingi wageni walitajiwa idadi kubwa sana ya watu waliopitishwa kwenye mlango wake wa baharini, na wanahistoria wakabishana vikali kwa kuwa nyaraka za biashara zilionyesha idadi ndogo zaidi kwa kisiwa chenyewe. Mimi naona haya ni maswali mawili tofauti. Idadi ni ya nyaraka na lazima isemwe kwa uaminifu. Mahali pa kuomboleza mamilioni waliochukuliwa kutoka Afrika ni jambo la watu, na halifutwi na mjadala wa idadi. Ukiandika yatenganishe, usimdharau anayelia pale na usirudie namba kwa sababu tu inatetemesha.

Ukiwa ndani usiguse lipu ya chokaa wala michoro, mafuta ya mkono yanaharibu, usiegemee nguzo. Na ukiona mtu anapaka saruji juu ya ukuta wa zamani wa chokaa uliza kwa upole kama kuna mtaalamu aliyeshauri, kwa sababu ukuta wa chokaa unapumua, unyevu unaingia na kutoka, na saruji inaufungia humo ndani mpaka chumvi inaanza kula mawe. Majengo mengi yameumizwa na watu waliokuwa na nia njema kabisa. Na mengine hayasubiri, jumba la Beit al-Ajaib la Zanzibar lililojengwa 1883 enzi za Sultan Barghash lilibomoka sehemu yake Desemba 2020 likiwa kwenye ukarabati, na watu wakapoteza maisha. Kama kuna jengo unasema utaenda siku moja, nenda mwezi huu.

Rudi ukaulize

Ndani ya wiki moja hivi, kabla hujasahau, kaa na daftari na picha zako uandike yaliyokubaliana na yasiyokubaliana. Mzee alisema mlango mkuu ulikuwa upande wa barabara, ukuta unaonyesha mlango mkubwa umezibwa upande wa nyuma. Usikimbilie kusema mzee kakosea. Pengine barabara ndo ilihama, na ramani ya zamani itakuambia. Mrudie na picha ya ule mlango uliozibwa, "nimekuta hiki, unakikumbuka?" na mara nyingi hapo ndo inatoka hadithi ambayo hakuisema mara ya kwanza kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

Unachopata usikae nacho peke yako. Mpelekee msemaji nakala ya rekodi, muulize kipi kisitangazwe, maana kuna mambo ya ardhi na ya ndoa yanaweza kuwagombanisha watu walio hai, na ukishaambiwa hapana iwe hapana. Mafaili yape majina yanayoeleweka, mwaka, mwezi, tarehe, mahali, jina la msemaji, weka nakala mahali pawili, na nyingine ipeleke maktaba au makumbusho kama wanapokea.

Na kama kwenu hakuna matembezi, yaandae. Chagua vituo vitano au sita visivyozidi mwendo wa saa moja na nusu, vikiwa karibukaribu, na kila kituo tafuta mtu mmoja aliyewahi kukitumia aongee dakika tano pale pale mlangoni, wewe uongeze mwaka na ramani tu. Pita njia nzima siku moja kabla kwa saa ileile, ujue jua litakuwa wapi na kelele ya magari ikoje, omba ruhusa ya wenye nyumba hata kama mnasimama nje. Kituo cha mwisho kiwe penye viti na maji, kwa sababu hapo ndo waliotembea kimya watakapoanza kusema "hata babu yangu alifanya kazi hapa", na daftari lako liwe wazi.